Simu Iliyochezewa na Chungu Ambacho Hakikuvunjwa

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na vijana wenye sauti, asifiwe pia na sisi wazee ambao tukipiga magoti, magoti yenyewe ndiyo yanayoanza kupiga kelele. Namshukuru mama mwenyekiti wa jumuiya kwa kunipa nafasi hii. Sikuja kuhubiri. Nimekuja kusimulia jinsi Mungu alivyonishika mkono wakati tayari nilikuwa nimeunyanyua.

Wengi mnanifahamu. Nimezaliwa hapahapa Kilema, nimebatizwa hapa, nimefundisha katekisimu hapa mpaka wanafunzi wangu wenyewe wameitwa babu. Anayenifuata kuzaliwa ni mdogo wangu Aloisi. Baba alipotugawia kihamba, shamba letu la ukoo, alipanda masale katikati kuwa mpaka, mimi nikapewa upande wa juu, Aloisi upande wa chini. Pande zote mbili alikuwa amekwisha kupanda kahawa, na kahawa hiyo ndiyo iliyotusomesha, ikatuoza, ikamzika yeye mwenyewe kwa heshima.

Basi mnaikumbuka miaka ile biashara ya kahawa ilipofunguliwa kwa watu binafsi. Wanunuzi wakawa wengi, na bei ikawa ya kubahatisha. Mwaka huu unacheka, mwaka ujao huwezi hata kununua dawa ya mibuni. Mdogo wangu akachoka. Siku moja akaingia shambani na sururu, akaing'oa mibuni yote ya upande wake, akapanda nyanya na mahindi. Visiki akavifanya kuni. Ndugu zangu, nilikuwa nimesimama kwangu huku juu, nikaona moshi unatoka jikoni kwa Aloisi, nikajua kinachoungua pale ni mikono ya baba. Tangu siku hiyo hatukuzungumza. Kanisani yeye alikaa upande wa kulia na mimi wa kushoto, na padre akisema tutakiane amani, kila mmoja wetu alikuwa na jirani wa kumgeukia.

Krismasi ya mwaka huo mwanangu Gaudensi alipanda kutoka Dar es Salaam kama watoto wetu wote wanavyopanda, akaniletea simu ya mkononi. Ndizo zilikuwa zinaanza kuenea mlimani. Akanitilia ile simu kwenye mfuko wa shati, hapa kifuani, akasema, "Baba, isikae mbali na wewe. Wewe na mama mko peke yenu huku." Akanieleza vitufe vyake vyote, na namba alizonipangia za kupiga upesi mtu akizidiwa, na mimi nikaitikia "ndiyo, ndiyo" kama mtoto wa katekisimu anayeitikia asichokielewa. Nilichoshika ni kupokea na kukata. Hivyo viwili vilinitosha.

Umeme ulikuwa haujafika kwetu. Aliyekuwa anachaji simu za watu pale sokoni, kwa betri ya gari, ni Mama Prosper, na Mama Prosper ni mke wa Aloisi. Ningefanyaje? Nilimtuma mke wangu Yustina aipeleke, simu inalala pale juu ya meza katikati ya waya na simu za wengine tangu asubuhi, jioni anakwenda kuichukua.

Kwaresima ilipoanza nikaona mambo. Kwanza, kila vocha niliyoweka iliisha na sijampigia mtu. Pili, betri iliyokuwa inakaa ikawa haikai, na simu yenyewe asubuhi ilipata joto kifuani kama yai lililotoka kuatamiwa. Nikasema labda ndivyo simu zilivyo.

La tatu ndilo lililonitoa usingizini. Asubuhi moja, tukinywa uji jikoni, nilimwambia Yustina, "Aloisi amemzika baba mara ya pili." Tulikuwa wawili tu, na ng'ombe nyuma ya ukuta. Jumapili, tukitoka misani, Aloisi alikuja moja kwa moja mpaka niliposimama na wazee wenzangu.

"Shikamoo kaka," akasema. "Nasikia nimemzika baba mara ya pili. Jeneza nalo ulichonga wewe?"

Wazee wakacheka, wakidhani ni utani wa ndugu. Mimi nilijua si utani. Maneno yangu, neno kwa neno!

Haikuishia hapo. Nilisema jikoni kwamba nitamuuza mtamba wetu kwa mfanyabiashara wa Holili, na kabla wiki haijaisha Aloisi alituma mtu kuniambia kwamba mtamba wa ukoo hapelekwi mpakani. Nikapata kikohozi, sikutoka nje wala kuonana na mtu, lakini Mama Prosper akampa Yustina chupa ya asali na tangawizi, "ya kifua cha shemeji." Ndugu zangu, asali ile niliimwaga kwenye migomba. Nilisema, kama wanajua hata ninavyokohoa, basi hakuna ukuta tena katika nyumba hii.

Nikamuuliza mtu mmoja kule Himo aliyejidai mjuzi. Akaniambia, "Mzee, hapo umechezewa. Wanaifungua nyuma, wanaweka kidude, wanakaa kwao wanakusikiliza kama redio." Nikaona kila kitu kimekaa mahali pake. Nani aliyekuwa analaza simu yangu mezani kwake? Mke wa Aloisi!

Nikaacha kuchaji kwa Mama Prosper, nikawa naipeleka Himo. Maneno yakaendelea kuvuja. Nikaichukua simu nikaifukia ndani ya debe la mahindi, nikafunika, na siku hizo zote halikuvuja hata neno moja. Hapo nikawa na uhakika kwamba ni simu. Lakini Gaudensi akanitumia ujumbe kwa jirani kwamba hanipati, ana wasiwasi, akaniomba niiweke karibu. Nikairudisha mfukoni, na siku ya pili yake tu Aloisi akajua kwamba tumegombana mimi na Yustina juu ya mbolea.

Shangazi yetu Matilda, dada wa baba, alikuwa bado hai. Nilimpelekea habari. Alinisikiliza huku anamenya ndizi, hakunyanyua macho. Kisha akasema, "Mwanangu, anayesikiliza nyumba ya kaka yake ana jina lake tangu zamani. Chungu kipo."

Kwa wageni niseme kidogo. Huku kwetu aliyedhulumiwa na asiweze kumshika mwenzake huleta chungu mbele ya ukoo. Anakitamkia maneno, anakivunja, na maneno yale yanamfuata mwenye kosa, yeye na watoto wake na watoto wa watoto. Wapo wasioamini. Lakini hakuna asiyeogopa. Nyumba iliyovunjiwa chungu haiposwi binti, na mtu wa nyumba hiyo akiugua hata mafua, watu wanatazamana.

Na mimi, katekista, niliyewafundisha watoto amri zote kumi, nikamwambia shangazi, "Kiandae." Tukapanga iwe baada ya Pasaka, ukoo ukiwa umekusanyika, watoto wakiwa bado hawajashuka mijini.

Mtauliza, je, ulikuwa umeacha kusali? Hapana! Msishangae, ndugu zangu. Mtu anaweza kushika rozari mkono mmoja na chungu mkono wa pili, na mikono isijuane. Kila asubuhi nilipiga magoti chumbani, na kwa kuwa tangu Kwaresima ilipoanza magoti haya yalizidi kuniuma, nikawa najilaza kifua juu ya ukingo wa kitanda. Nilitaja watoto wangu, wajukuu, marehemu, na Aloisi. Mama yetu alitulea hivyo. Tulipokuwa wadogo alitupigisha magoti sisi wawili pamoja, akasema kila mmoja amtaje mwenzake kwanza kabla hajajitaja. Sikuwahi kuacha. Hata katika hasira nililitaja jina lake, haraka haraka, kama mtu anayeruka mfongo wa maji asilowe miguu, lakini nililitaja. Na Kwaresima ile, sijui ni nani aliyeniwekea maneno mdomoni, nikawa naongeza, "Bwana, umkumbuke Aloisi. Na kama kuna wa kunyooshwa kati yetu, anza na mimi." Kisha naamka, nakwenda jikoni, nakunywa uji, na ninamsema Aloisi mpaka kikombe kinaisha.

Yustina ndiye aliyesimama njiani. Yule mama hana maneno mengi. Wiki ile kabla ya Juma Kuu alinikuta napiga kiatu rangi, akaketi.

"Baba Gaudensi," akasema, "Jumamosi utaungama, halafu baada ya Pasaka uvunje chungu?"

Nikaendelea kupiga rangi.

"Sikuzuii. Wewe ndiye baba wa nyumba. Lakini hiyo simu imepekuliwa na nani akasema imechezewa? Yule wa Himo hata hakuishika. Nenda mjini ikakaguliwe kwanza. Simu ikifunguliwa inafungwa. Chungu kikivunjika hakiungwi."

Bwana asifiwe! Mungu hutumia vinywa tulivyovizoea.

Nikashuka Moshi. Karibu na stendi nikaonyeshwa kibanda cha fundi simu, dada mmoja mchangamfu aitwaye Upendo, amejaza meza vifuniko na betri. "Shikamoo meku," akanisalimu kama wazee tunavyoitwa kwetu, akaniwekea kigoda. Nikamweleza yote, na nikamwambia waziwazi, "Nitafutie kidude. Nataka nikishike kwa mkono wangu."

Hakucheka. Aliniuliza kama daktari. Vocha inaisha lini? Asubuhi. Joto linakuja lini? Asubuhi. Maneno yanayovuja yanasemwa lini? Nikafikiri, nikasema, asubuhi pia, wakati wa uji. "Na ukiiweka ndani ya debe?" Halivuji hata neno. Akatikisa kichwa, akaifungua simu nyuma. Akatoa betri, akatoa laini, akapuliza, akaniita nione mwenyewe. Hapakuwa na kidude. Akarudisha betri na laini, akaniambia ipo njia nyingine, mtu anaweza kuamuru simu zako ziende kwake. Akabonyeza nyota na namba fulani, akangoja, akanionyesha jibu kwenye kioo: hakuna simu inayoelekezwa popote.

"Sasa tuone yenyewe inasemaje," akasema, akafungua mahali panapoandikwa namba zilizopigwa. Akatazama, akanitazama mimi.

"Baba, hii simu haijachezewa na mtu. Inapiga. Kila asubuhi inapiga jina moja tu. Aloisi."

Nikamwambia haiwezekani, mimi simpigii Aloisi, mimi na Aloisi hatusemezani.

"Simu inasema mnasemezana sana," akajibu. Akabonyeza tena. "Nani alikuwekea namba mbili iwe ya Aloisi? Ukiibonyeza na usipoiachia, inampigia."

Hapo sauti ya Gaudensi ikanirudia tangu Krismasi. Ukizidiwa, baba, bonyeza mbili usiachie, baba mdogo ndiye aliye karibu. Mwanangu alijua hatusemezani. Lakini alijua pia kwamba mtu akianguka kihambani, anayefika kwanza si mwana wa Dar es Salaam, ni ndugu wa ng'ambo ya masale.

"Asubuhi unafanya nini na simu ikiwa mfukoni?" Upendo akauliza.

"Nasali."

"Hebu sali hapa nione."

Ndugu zangu, mbele ya watu wa stendi! Nikairudisha simu mfukoni, nikainamia meza yake, nikajilaza kifua kwenye ukingo kama ninavyofanya kitandani. Nikahisi kitu kinatetemeka kidogo kifuani. Upendo akanyoosha mkono, akaitoa simu mfukoni, akaniwekea sikioni bila kusema neno.

Iliita. Ikapokelewa. Na nikasikia sauti ya mdogo wangu, ya upole ambao sikuwa nimeusikia tangu kahawa ing'olewe.

"Kaka," ikasema, "leo umechelewa kusali."

Nilishika ile meza. Upendo akadhani nimeugua, akaniletea maji. Nilikunywa, nikalia, na mpaka leo nikipita kibandani kwake ananiita "baba wa maombi."

Nilipofika nyumbani sikuingia ndani. Nilikwenda moja kwa moja kwenye mpaka, nikachuma jani la isale, nikashuka kwa Aloisi nalo mkononi. Kwetu mtu akikuletea isale anakuomba msamaha, na kulikataa ni jambo zito. Nilimkuta anafunga nyanya kwenye vijiti. Aliliona jani, akasimama, akaficha mikono nyuma.

"Kaka mkubwa haleti isale kwa mdogo," akasema. "Lirudishe. Watu watanicheka."

"Lipokee."

"Kwa lipi? Kwa kunisengenya? Hayo nimeyazoea, nayasikia kila siku na uji wako naunusa."

Ikabidi nimwambie la chungu. Nilimwambia lote, la shangazi, la ukoo, la siku tuliyoipanga. Mdogo wangu akaketi chini palepale kwenye udongo. Hakukasirika. Ningependa angekasirika.

Nikamuuliza, "Kwa nini hukuniambia kwamba simu inajipiga?"

Akasema, "Siku ya kwanza nilidhani umenipigia makusudi. Nikasema halo, halo, hujibu. Nikataka kukata. Halafu nikasikia unataja majina, ukafika kwangu. Ukasema kama kuna wa kunyooshwa, Mungu aanze na wewe. Kisha ukaenda kwenye uji ukanichamba. Nilikasirika, Jumapili nikakutania lile la jeneza. Lakini kesho yake simu ikalia tena, nikapokea. Siku nyingine vocha yako ilikatika kabla ya Amina, nikamalizia mwenyewe." Akafuta uso kwa mkono wenye udongo. "Ningekwambia, ungeifunga. Na tangu mama afe, nani mwingine ananitaja kwa jina mbele za Mungu?"

Hapo ndipo alipolipokea isale, kwa mikono miwili.

Ndugu zangu, tazameni! Nilitafuta adui aliyekuwa ananisikiliza, kumbe alikuwa ni ndugu anayengoja kuitikia. Asali niliyoimwaga ilikuwa asali kweli. Hata la mtamba, aliniambia baadaye, yule mtu wa Holili alikuwa tapeli, na Aloisi alikuwa anamjua.

Juu ya kahawa hatukukubaliana, na mpaka leo hatujakubaliana. Kwake nyanya, kwangu mibuni. Siku hizi nalima nikiwaza mibuni yangu, na nyanya zake nazila.

Na kile chungu? Jumatatu ya Pasaka ukoo ulikusanyika kama ulivyopangiwa, uani kwangu, wengine nyuso zimekunjamana wakijua walichoitiwa. Yustina akatoka jikoni akiwa amekibeba yeye na Mama Prosper, kila mmoja sikio lake, kinatoa mvuke. Walikuwa wamepika ndizi na maharage. Nikawaeleza watu kwa nini hakitavunjwa. Shangazi Matilda alipakuliwa wa kwanza. Alionja, akatazama juu, akatazama chini, akasema, "Chumvi haitoshi." Kisha akaomba aongezewe. Hilo ndilo lilikuwa kanisa letu siku ile, na baraka ya mwisho ilitoka kwake.

Gaudensi alinifundisha kufunga vitufe ili simu isijipige tena. Nimejifunza, siku hizi naifunga kila nikiitia mfukoni. Lakini asubuhi, kabla sijapiga magoti, naifungua, naiweka juu ya kitanda, nabonyeza mbili na siachii. Aloisi anapokea. Hasemi halo. Anasema, "Nipo kaka." Namtaja yeye kwanza, naye ananitaja mimi, kama mama alivyotufundisha. Yupo pale, benchi la tatu, mnamwona anajificha nyuma ya kofia yake. Siku hizi anakaa upande wa kushoto.

Mpendwa unayenisikiliza, kama kuna mtu nyumbani kwako unayemhesabia ubaya kwa dalili, usiseme Mungu amekuonyesha kabla hujaenda kutazama. Kagua. Uliza. Fungua nyuma uone kama kidude kipo. Na kama una chungu kimeandaliwa mahali, rudi nyumbani leo ukapikie ndani yake, umwite huyo mtu aje ale. Mtegemee Mungu aliyesikia sala yangu akaipeleka hata nilipokuwa sijui kwamba imetumwa. Hata yako anaisikia, na huenda yuko mtu mwingine pia anayeisikia, amekaa kimya upande wa pili, anangoja usikie sauti yake.

Kwa Mungu huyo nasema asante, na magoti yangu mabovu nayo yanasema asante. Amina.